Kutoka Shule ya Machifu hadi Chuo Kikuu: Mzumbe na Mafunzo ya Watumishi wa Umma Tanzania

Historia za vyuo vya utawala katika Afrika ya Mashariki aghalabu huandikwa kwa mpango mmoja: mwaka wa kuanzishwa, sheria zilizopitishwa, majengo yaliyoongezwa, kisha orodha ya vyeti vinavyotolewa. Kwa mpango huo kila chuo huonekana kimepanda ngazi bila ya kuacha kitu nyuma. Mzumbe, chuo kilichoko chini ya milima ya Uluguru, upande wa barabara itokayo Morogoro kuelekea Iringa, kimekwisha kuelezwa hivyo mara nyingi: shule mwaka 1953, chuo cha taifa mwaka 1972, chuo kikuu mwaka 2001. Tarehe hizo ni za kweli. Lakini limo jambo ambalo tarehe peke yake hazilisemi. Kila Mzumbe ilipopandishwa daraja, mtumishi mdogo ambaye shule hiyo iliundwa kwa ajili yake alisogezwa hatua moja mbali na lango lake, na pamoja naye ikasogezwa lugha aliyokuwa akifanyia kazi.

Ili kumfahamu mtumishi huyo yafaa kurudi nyuma ya mwaka 1953. Wajerumani walikuwa wameitawala Tanganyika kwa mkono wa maliwali na maakida, na barua za serikali zilizofika kwa watu hao ziliandikwa kwa Kiswahili. Waingereza walipoingia waliubadili mfumo lakini hawakuibadili lugha ya ngazi ya chini. Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1931, alileta utawala wa kupitia kwa wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikampa chifu mamlaka rasmi. Chifu akawa na baraza lake, hazina yake na mahakama yake. Maofisa wa Kizungu waliandikiana kwa Kiingereza. Chini yao, daftari la kodi, kumbukumbu za kesi na taarifa za mabaraza vilikuwa vya Kiswahili katika sehemu kubwa ya nchi, hata pale ambapo watu wenyewe walizungumza Kisukuma, Kihehe au Kinyamwezi majumbani mwao.

Huo ulikuwa utawala wenye lugha mbili na tabaka mbili za watumishi. Tabaka ya juu ilifundishwa Uingereza. Ya chini haikufundishwa popote. Serikali ilifungua shule ya Tabora mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu, lakini chifu aliyekwisha kukalia kiti, karani wake na mtunza hazina wake walijifunza kazi kazini, kwa kukosea na kukaripiwa na Bwana Shauri. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20.

Mabadiliko yalianzia London. Mwezi wa Februari 1947 waziri wa makoloni, Arthur Creech Jones, aliwapelekea magavana wa Afrika waraka uliowataka waache kuutegemea utawala wa machifu peke yao na badala yake wajenge serikali za mitaa zenye ufanisi na zenye wajumbe wa kuchaguliwa. Tanganyika ilichukua muda kuitikia. Sheria ya Serikali za Mitaa ilitoka mwaka 1953, wakati wa Gavana Edward Twining, na mwaka huohuo ikafunguliwa shule ya Mzumbe kuwafundisha machifu, watumishi wa mabaraza yao na madiwani.

Makundi hayo matatu hayakuwa ya aina moja, na kuwaweka chini ya paa moja kulikuwa na maana yake. Chifu alikuwa amerithi. Karani alikuwa ameajiriwa. Diwani alikuwa, au alitarajiwa siku moja kuwa, mtu wa kuchaguliwa. Serikali ya kikoloni ilitumaini kwamba kwa mafunzo hayohayo ya hesabu, ya sheria ndogo na ya uendeshaji wa baraza, wa kwanza angejifunza kugawana madaraka na wa tatu, na wa pili angewatumikia wote wawili. Wengi wao hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea, na nyaraka walizozishughulikia kila siku zilikuwa za Kiswahili. Kwa watu wa namna hiyo shule isingekuwa na faida yoyote kama isingesema lugha ya madaftari yao.

Neno diwani lenyewe lastahili kutazamwa. Katika miji ya Mrima, kabla ya ukoloni, madiwani walikuwa wakuu wa mji wenye enzi na heshima za kurithi. Neno hilohilo likachukuliwa kumtaja mjumbe wa halmashauri anayechaguliwa kwa kura na anayeweza kuangushwa kwa kura. Ni kinyume kabisa cha maana yake ya awali, na wasemaji waliyapokea mabadiliko hayo bila ya kuyajadili. Serikali za mitaa nazo zilipata jina la mjini, kwani mtaa ni sehemu ya mji, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa vijijini.

Mwaka mmoja baada ya shule kufunguliwa, TANU ilizaliwa. Serikali ilikuwa imekwisha kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na mabaraza ya mitaa yalikusudiwa kuwa mahali pa siasa ya pole, siasa ya visima na barabara, mbali na madai ya uhuru. Haikuwa hivyo. Katika muda wa miaka 8 tu nchi ikawa huru, na shule iliyoundwa kuutengeneza upya utawala wa machifu ikajikuta haina machifu wa kufundisha: cheo chao kilifutwa kisheria mwaka 1963, mwaka wa 10 tangu shule ianze.

Hili ndilo tukio la kwanza la ajabu katika historia ya Mzumbe: mwanafunzi wake wa kwanza alifutwa na dola. Shule haikufungwa, kwa sababu dola hiyohiyo ilikuwa na njaa kubwa ya watu. Mwezi wa Desemba 1961, kati ya nafasi 4,452 za ngazi ya juu na ya kati katika utumishi wa serikali, raia walishika 1,170, yaani takriban robo moja. Wakuu wa majimbo na wa wilaya wa Kiingereza waliondolewa mwaka 1962 na mahali pao wakawekwa wakuu wa mikoa na wa wilaya waliokuwa watu wa siasa. Chini yao palihitajika watu wa kazi. Basi Mzumbe ikafunguliwa kwa maofisa wa serikali kuu, maofisa wa maendeleo vijijini, na mahakimu wa mahakama za chini.

Kati ya hao hakimu ndiye anayestahili kutazamwa zaidi. Katika utawala wa zamani chifu ndiye aliyekusanya kodi, na ndiye aliyemhukumu aliyeshindwa kuilipa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilizivunja mahakama za wenyeji na kuziweka mahakama za mwanzo mahali pake, zikiwa sehemu ya mfumo mmoja wa nchi nzima. Hakimu wa mahakama ya mwanzo hakuwa mwanasheria mwenye shahada. Alikuwa mtu wa elimu ya wastani aliyepewa mafunzo mafupi, kisha akapelekwa penye kesi za ndoa, mirathi, mashamba, ng'ombe na wizi mdogo, ambazo ndizo kesi za watu walio wengi. Lugha ya mahakama yake ilikuwa Kiswahili. Juu yake, mahakama ya wilaya na Mahakama Kuu ziliandika kwa Kiingereza, hata mdai aliyekata rufaa akakuta maneno yake mwenyewe yamegeuzwa kuwa lugha asiyoielewa. Katika jengo zima la sheria, chumba cha chini kabisa ndicho ambacho mwananchi aliweza kuingia na kusikia kila kinachosemwa, na mtu aliyefundishwa Mzumbe ndiye aliyekaa katika chumba hicho.

Wakati huohuo palikuwa pakikua, kilomita 200 hivi upande wa mashariki, mzazi wa pili wa chuo kitakachozaliwa mwaka 1972. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiozidi darasa moja dogo. Kilihamia mlimani mwaka 1964, nacho kilikuwa, pamoja na Makerere na Nairobi, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kutoka 1963 hadi 1970. Chuo hicho kilikuwa na Taasisi ya Utawala, iliyokusudiwa kuwaandaa maofisa wa serikali kuu. Mafunzo yake yalikuwa ya Kiingereza, na mwanafunzi wake alitarajiwa kurithi meza ya Mwingereza.

Mlimani hapohapo iliwekwa, mwaka 1964, taasisi ya uchunguzi wa lugha ya Kiswahili. Basi chuo kimoja kilikuwa kikitengeneza maofisa katika jengo moja na kutafuta maneno ya maofisa hao katika jengo jingine, na haielekei kwamba njia kati ya majengo hayo ilikanyagwa sana. Mwezi wa Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba shughuli zote za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Agizo hilo lilimwelemea zaidi yule ofisa aliyesoma, maana karani wa halmashauri alikuwa akiandika kwa Kiswahili siku zote. Kwa mara ya kwanza ujuzi wa mtumishi wa chini ulikuwa ndio ujuzi uliotakiwa juu. Ungetazamia basi mafunzo ya utawala yahamie kwenye Kiswahili. Mafunzo hayakuhama.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawashutumu viongozi wenye majivuno na ubabe. Serikali ilikuwa na mashaka na wasomi wake tangu Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujenga taifa na mamia yao wakafukuzwa. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, ambaye alikuwa Mkenya, naye alifukuzwa baada ya kumwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi. Katika hali hiyo wazo la kuwatoa maofisa wa kesho katika mlima ule na kuwapeleka mashambani halikuhitaji mtetezi hodari.

Mwaka 1972 ndio kitovu cha habari hii. Rais Nyerere alitoa mpango wa Madaraka Mikoani, uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey. Kwa mpango huo mamlaka ya kupanga na kutumia fedha yalitolewa Dar es Salaam na kupelekwa mikoani na wilayani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka huo, na za miji zikafuata mwaka 1973. Mahali pake akawekwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa mkoa au wa wilaya, mtumishi wa serikali kuu, akiwa na maofisa wake wa mipango, wa fedha na wa utumishi. Mwaka huohuo Mzumbe iliunganishwa na Taasisi ya Utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa muungano huo kikapatikana Chuo cha Uongozi wa Maendeleo.

Mambo hayo mawili hutajwa mbalimbali, na kutajwa mbalimbali huficha uhusiano wake. Shule ya Serikali za Mitaa ilipandishwa cheo mwaka uleule serikali za mitaa zenyewe zilipofutwa. Mwanafunzi wake wa kwanza, chifu, alifutwa mwaka 1963; wa tatu, diwani, alifutwa mwaka 1972. Aliyebaki ni wa pili, karani, naye alihamishiwa serikali kuu na kuwa chini ya mkurugenzi. Mpango ulisemekana ni wa kuwapa wananchi madaraka. Ukitazamwa kwa makini, madaraka yalisafiri kutoka Dar es Salaam hadi mikoani yakiwa mikononi mwa watu walewale wa utumishi, na mjumbe aliyechaguliwa na watu akatolewa njiani. Chuo kipya kilikuwa na kazi ya kumtengeneza mtu wa kuyapokea madaraka hayo: mpangaji, mhasibu, ofisa wa utumishi.

Jina la chuo nalo lilibeba siasa ya wakati wake. Neno la Kiingereza lililo katika jina hilo lahusu uendeshaji wa shughuli, yaani kazi ya meneja. Kwa Kiswahili lingeweza kuwa usimamizi au uendeshaji. Likachaguliwa uongozi, neno lililokuwa likitumika kwa watu wa chama na lililotajwa mara kwa mara katika Azimio na Mwongozo. Kwa chaguo hilo mhasibu wa wilaya alihesabiwa kuwa kiongozi, na kwa kuwa kiongozi alifungwa na miiko ya uongozi. Baadaye maneno yaligawanyika. Ofisi ya Rais inayosimamia watumishi ilikuja kuitwa ya Menejimenti ya Utumishi wa Umma, na uongozi ukarudi kwa wanasiasa. Menejimenti ni neno baya kwa sikio, lakini ni la kweli zaidi: halimwambii mhasibu kwamba yeye ni zaidi ya mhasibu.

Miaka ya baada ya hapo haihitaji maelezo marefu. Huduma za miji zilizorota, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Sheria mpya za serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982, uchaguzi ukafanyika mwaka 1983, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huo Nyerere alieleza hadharani kwamba kama angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Diwani alirudi. Lakini Mzumbe aliyoiacha haikuwapo tena. Pahali pake palikuwa na chuo cha stashahada za juu za utawala, uhasibu na mipango, kinachofundisha kwa Kiingereza vijana waliomaliza kidato cha sita. Stashahada hizo zilikuwa na thamani kubwa nchini, lakini wenye kuzishika walijikuta mara kwa mara wakiulizwa zina uzito gani mbele ya shahada, na swali hilo lilikisukuma chuo kuelekea juu zaidi.

Kilichofuata chaonyesha kwamba haja ya zamani haikuwa imekwisha, ila ilikuwa imeachwa. Mwaka 1994 ilibidi kianzishwe chuo kipya cha serikali za mitaa huko Hombolo, mkoani Dodoma, kwa ajili ya watumishi wa halmashauri na vijiji. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya chuo cha uongozi wa mahakama cha Lushoto, na kazi ya kumfundisha hakimu wa mwanzo ikapata makao huko. Makarani na makatibu mahsusi walipata Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoundwa kuwa wakala wa serikali mwaka 2000. Mwaka 2001 Mzumbe ikawa chuo kikuu. Hata neno uongozi lilipata nyumba nyingine Dar es Salaam mwaka 2010, ilipoanzishwa taasisi yenye jina hilo kwa ajili ya viongozi wa juu. Kazi zilizokuwa za shule moja ndogo zikawa zimegawanywa kwa vyuo vinne. Moshi nako njia ilikuwa ileile: chuo cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1963 kuwafundisha makatibu na watunza hesabu wa vyama kilikuwa chuo kikuu mwaka 2014.

Kabete yatoa mfano wa njia nyingine. Shule ya Jeanes ilianzishwa huko mwaka 1925 kuwafundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Mwaka 1961 ikawa Chuo cha Utawala cha Kenya, na mwaka 2012 ikawa Shule ya Serikali. Imebadili jina na wanafunzi, lakini haikugeuka kuwa chuo kikuu, na mtumishi aliyeko kazini ameendelea kurudi huko kwa kozi za majuma machache. Si lazima kusema kwamba Kenya ilitenda kwa hekima zaidi. Huenda ni kwamba serikali yake haikutaka kuitoa shule hiyo mkononi mwake. Lakini matokeo ni kwamba Kabete hakukuwa na pengo la kuzibwa na Hombolo.

Nembo ya Chuo Kikuu cha Mzumbe ina maneno ya Kiswahili, Tujifunze kwa Maendeleo ya Watu. Mihadhara na mitihani ni ya Kiingereza, kama ilivyo katika vyuo vikuu vingine vya nchi hiyo. Mhitimu wake apelekwapo kwenye halmashauri hukuta vikao vya Kiswahili, mihutasari ya Kiswahili, na mkutano mkuu wa kijiji ambao hauna lugha nyingine. Aliyosomea kwa lugha moja huyatafuta kwa lugha ya pili mbele ya watu wanaomngoja. Ndiyo sababu hotuba za watumishi zimejaa uwajibikaji, ushirikishwaji na utawala bora, maneno yaliyotafsiriwa yakiwa mazima, ambayo msikilizaji wa kijijini huyazoea kabla ya kuambiwa yamaanisha nini hasa juu ya fedha za kisima chake.

Mapema mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote, na Kiingereza kikaruhusiwa pale tu haki inapokihitaji. Mahakama Kuu ikaagizwa kuandika kwa lugha ambayo mahakama ya mwanzo ilikuwa ikiiandika tangu miaka ya 1960. Kazi ya kutafsiri sheria ikaanza, na majaji na mawakili, waliosoma sheria kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, wakawa wanatafuta istilahi ambazo hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa nazo siku zote katika daftari lake.